Rambirambi za Walio Hai

Tulinyimwa kura kwa sababu tulikuwa tumekufa. Tulikuwa watu elfu mbili na mia nne, tumesimama juani tangu asubuhi, vitambulisho mkononi, wengine na watoto mgongoni, na karani wa Tume akatuambia kwa heshima zote kwamba marehemu hawapigi kura. Kwa sababu hiyo tukapoteza kivuko.

Naeleza ilivyokuwa. Mimi hukodisha maturubai, viti vya plastiki na masufuria makubwa hapa jimbo la Ngojeni. Shule niliiacha darasa la tano, kwa hiyo ukifika mahali ukaona jambo haliingii akilini, jua tatizo ni mimi, si serikali. Serikali yetu haina makosa. Imeandikwa hivyo kwenye ukuta wa ofisi ya kata, tena kwa rangi ya mafuta.

*

Zamani mgombea alikuwa anakuja na lori. Anashusha sukari, kanga na sabuni za mche, anahutubia, anaondoka. Kulikuwa na mgombea wa kilo moja na mgombea wa nusu kilo, na kila mtu alijua sera ya kila mmoja. Wakubwa wakaona ni aibu. Bunge likatunga Sheria ya Fedha Safi, na mwenyekiti wa Tume ya Fedha Safi, Jaji Mstaafu Bwanausi, akaja mwenyewe Ngojeni kutuelimisha. Alikuja na magari tisa, maana elimu ni mzigo.

"Ndugu wananchi," akasema, "kuanzia leo ni marufuku mgombea kumpa mpiga kura kitu chochote. Si sukari, si chumvi, si kiberiti. Nasema hata njiti moja! Mgombea akikuwashia sigara, wote wawili jela."

Tukapiga makofi. Jamaa mmoja nyuma yangu akaitupa sigara yake chini akaikanyaga, ingawa aliiwasha mwenyewe.

"Na mgombea hatatumia zaidi ya kilichomo mfukoni mwake. Tumeajiri Wakaguzi wa Mifuko, vijana wasomi, wenye mikono laini. Watapita kila Jumatatu."

Kweli Jumatatu wakaja. Mbunge wetu, Mheshimiwa Mkangara, ambaye alikuwa anagombea tena, alitokea amevaa suruali isiyo na mifuko. Fundi alikuwa ameishona yote. Mkaguzi akapapasa kushoto, akapapasa kulia, akatikisa kichwa kwa heshima, akaandika: *Hana kitu. Msafi kabisa.* Mpinzani wake, Bi Chausiku Mlawa, mkunga mstaafu, alikutwa na shilingi elfu tatu na mia mbili na kipande cha tangawizi. Akapewa onyo kali.

Sasa, siku ile ya mkutano wa Jaji, mtu mmoja alinyoosha mkono.

"Mheshimiwa, na msibani je? Mgombea akija kuhani, aje mikono mitupu?"

Jaji akavua miwani. Akaifuta. Akaangalia juu, kama mtu anayesikiliza kitu kinatoka mbinguni.

"Msiba," akasema, "ni mila. Serikali haiwezi kupiga marufuku huzuni. Rambirambi ruksa."

Tukapiga makofi tena. Pembeni ya jukwaa alikuwepo Kopwe, meneja wa kampeni za Mkangara. Yeye hakupiga makofi. Alikuwa anaandika.

*

Hapa nieleze habari ya kivuko, maana ndicho tulichokuwa tunagombania, ingawa hakikuwa kwenye karatasi ya kura.

Ngojeni iko ng'ambo huku, soko na hospitali ziko ng'ambo ile, na katikati kuna mto mpana wenye viboko wasio na adabu. Serikali zamani iliweka pantoni. Kuukuu, ina kutu, inanguruma, lakini ni bure. Unapanda, unashuka, hakuna anayekuuliza kitu. Dada yangu Zamoyoni huvuka kila siku isipokuwa Jumapili, na ndoo yake ya vitumbua, kwenda kuuza sokoni. Vitumbua hivyo vimejenga nyumba ya vyumba vitatu na kumsomesha binti yake. Mume wake, shemeji Mfaume, yeye hushughulika na bao.

Bwana Kitwana ni mwenye vituo vya mafuta. Alikuwa na vituo vitano, malori kumi na mawili, na jicho moja kwenye ile pantoni. Mara mbili aliandika barua serikalini akiomba "kuisaidia serikali mzigo wa kivuko". Mara mbili akajibiwa kwamba jambo kama hilo lazima lipitie kwa mbunge wa jimbo.

Bi Chausiku alipita nyumba kwa nyumba kwa miguu akisema hilo tu. "Msiniulize mimi nitawapa nini. Muulizeni Mkangara nani anamjazia mafuta. Anayejaza ndiye atakayechagua wapi gari liende."

"Sawa mama," watu wakamwambia. "Kwa Mkangara tutakula tu. Kura ni yako."

"Mna hakika?"

"Mama! Wewe ndiye uliyetuzalisha!"

Na walikuwa wanasema kweli. Dada yangu ndiye aliyekuwa anampeleka mama huyo mtaa kwa mtaa, na mtaa mzima ulikuwa naye. Nilihesabu mwenyewe: tungempa kura tisa kila kumi. Hatukuwa wajinga. Tulikuwa na mpango.

*

Msiba wa kwanza ulikuwa wa kweli. Mzee Ngwali alifariki kwa uzee, kwa utaratibu, akiwa kitandani kwake. Mkangara akaja na msafara, akatoa bahasha ya elfu ishirini kwa wafiwa, akahutubia.

"Marehemu Mzee Ngwale alikuwa mtu wangu wa karibu sana."

"Ngwali," mjane akasema.

"Na Ngwali pia," akasema Mkangara, "pengo lao haliwezi kuzibika."

Bi Chausiku alikuja kwa miguu, akatoa elfu mbili, akaingia jikoni akaosha masufuria mpaka jioni. Watu wakasema huyu mama ana roho nzuri, ila hana kitu.

Baada ya hapo tukapata balaa. Ngojeni hakufa mtu. Wiki ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Mvua zilikuwa zimekuja vizuri, mihogo ipo, malaria imepungua. Kopwe akaanza kuzunguka mitaani na gari limejaa bahasha, uso umesawijika. Akaja kwangu dukani.

"Mjomba Sudi, wewe ndiye mwenye maturubai. Habari zote zinaanzia kwako. Hamna hata mmoja?"

"Hamna."

"Hata mgonjwa?"

"Kuna mzee pale kwenye mashine ya kusaga, anakohoa tangu mwaka juzi."

"Anakohoaje?"

Nikamwigizia. Kopwe akasikiliza kwa makini, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Hiyo ni vumbi tu. Huyo atatuzika sote." Akakaa kwenye kiti changu bila kulipia. "Mjomba, mimi nina milioni za huzuni kwenye gari na hakuna pa kuziweka. Unajua bosi ataniambia nini?"

Shemeji Mfaume alikuwa pale mlangoni, ameleta bao lake nilipigilie msumari. Akasikia. Akaniangalia, akamwangalia Kopwe, akasafisha koo.

"Kwani," akasema, "lazima mtu awe amekufa sana?"

*

Mtendaji wa kata, Bwana Shomvi, ni mtu wa taratibu. Alisema rambirambi haiwezi kutolewa bila Cheti cha Msiba, na cheti hakitolewi ovyo. Masharti ni manne: turubai moja, viti visivyopungua thelathini, wali, na angalau mtu mmoja wa kulia kwa sauti inayofika ofisini kwake.

"Na mwili?" nikamuuliza.

"Bwana Sudi," akasema, "mwili ni mambo ya ndani ya familia. Serikali haiingilii."

Basi shemeji Mfaume akafariki Alhamisi. Nilisimamisha turubai mimi mwenyewe. Wali ulipikwa, wa nazi. Marehemu alikaa chumba cha nyuma, akipokea sahani dirishani, akilalamika kwamba nyama ni chache kwa msiba wa mtu mzima. Mkangara akaja, akahutubia kwamba Mfaume alikuwa mchapakazi. Kwenye turubai kulizuka kikohozi kikubwa. Mama mmoja alilazimika kutoka nje.

Tatizo likaja wakati wa kukabidhi bahasha. Marehemu hakumwamini mtu. Akatoka mwenyewe, kavaa kanzu, akajipanga kwenye mstari wa wafiwa.

"Pole sana ndugu yangu," akasema Mkangara, akimshika mkono. "Wewe ni nani kwa marehemu?"

"Mtu wake wa karibu, Mheshimiwa. Tumelala kitanda kimoja tangu utoto."

"Jikaze."

"Najikaza, Mheshimiwa," akasema Mfaume, na akaihesabu bahasha hapo hapo.

Wiki iliyofuata walikufa watu mia mbili.

*

Sijawahi kufanya biashara kama ile. Viti vyangu vilikuwa havipoi. Turubai linashushwa nyumba hii, linapandishwa ya pili. Watu walikuwa wanahani asubuhi kwa jirani, mchana wanafariki wao, jioni jirani anarudisha fadhila. Kopwe akaweka viwango: baba mwenye nyumba elfu ishirini, mke elfu kumi na tano, mama mkwe elfu kumi, ndugu wa marehemu elfu tano ya kujifutia machozi. Wakwe wakaandamana hadi ofisi ya kata.

"Kwani sisi tunakufa nusu?" wakauliza. Wakapandishwa kuwa elfu kumi na mbili.

Tume ilileta mkaguzi. Akatazama hesabu za Mkangara, akaridhika. Ziliandikwa hivi: *Matumizi ya kampeni: sifuri. Huzuni: milioni kumi na tisa hadi sasa.* Akauliza pesa za huzuni zinatoka wapi. Kopwe akamsomea kifungu: huzuni ni siri ya moyo, mwenye nayo halazimiki kutajwa. Mkaguzi akaomba radhi kwa kuuliza, akatoa pole, akapewa wali.

Mimi lakini nilijua zinatoka wapi, maana na mimi nilikuwa nalipwa. Kopwe alikuwa ananipa kikaratasi, nakipeleka kituo cha mafuta cha Bwana Kitwana, pampu namba mbili. Yule binti wa pampu anasoma, anaita, "Pesa ya viti vya msiba!" na ananihesabia noti zenye harufu ya dizeli.

Siku moja nikamkuta Kitwana mwenyewe pale, amekaa kwenye kopo la oili, anakula karanga. Ukutani kulikuwa na tangazo jipya kwa wafanyakazi wake: *Mfanyakazi yeyote atakayefariki kipindi cha kampeni, yeye au mke wake, atafukuzwa kazi.* Nikaona ni mtu mkali, lakini anajali afya za watu wake.

"Bwana Kitwana," nikamwambia, "mimi sikusoma, naomba unieleweshe. Hii pesa yote inakwenda kwa watu ambao hawajafa, kwa jina la mtu ambaye si wewe. Wewe unapata nini?"

Akanipa karanga.

"Wewe unakodisha viti," akasema. "Ukivipeleka, unaogopa kwamba havitarudi?"

"Vinarudi. Vikibaki navifuata."

"Na vikirudi, vinarudi peke yake?"

"Vinarudi na pesa."

"Basi. Mimi na wewe tuko kazi moja. Ila wewe unakodisha viti mia tatu, mimi nakodisha mtu wa kukaa kimoja."

Nikacheka. Na yeye akacheka. Tukala karanga. Nilimwona mtu wa kweli kabisa, asiyeficha jambo. Niliporudi nikamsimulia dada Zamoyoni kama kichekesho. Yeye hakucheka.

"Na wewe ukachukua karanga zake?"

"Kidogo tu, dada."

"Sikiliza wewe. Watu wote wa mtaa huu wafe wanavyotaka. Mimi sifi kwa elfu kumi na tano. Nikifa mimi, na pantoni imekufa."

*

Alikufa Jumanne, akiwa sokoni.

Shemeji Mfaume alikuwa amemaliza rambirambi zake, na sheria ilikuwa wazi: mtu hafi mara mbili kipindi kimoja cha kampeni. Akaja dukani asubuhi akaniambia shangazi yake amefariki, anataka turubai, viti thelathini na sufuria la wali. Nikapeleka. Nikashangaa tu shangazi mwenyewe ndiye anayekuna nazi, lakini wakati ule mambo kama hayo hayakuwa ya kushangaza.

Mkangara alipofika, akasimama akasoma kutoka kwenye kikaratasi: "Marehemu Zamoyoni alikuwa mtu wangu wa karibu." Nikageuka kumwangalia Mfaume. Mfaume akawa anaangalia nguzo ya turubai kana kwamba imepinda. Kabla sijafungua mdomo Kopwe akanishika mkono, "Wewe ni kaka wa marehemu? Pole sana, mjomba," na elfu tano ikawa kiganjani. Nikapokea. Kukataa rambirambi ya dada yako mbele za watu ni utovu wa adabu.

Saa kumi pantoni ikatia nanga. Dada akapanda kilima na ndoo tupu kichwani, akaliona turubai uani kwake, akaishika kanga yake kifuani. Akamdaka jirani wa kwanza.

"Nani? Nani kafa? Mama?"

"Hapana dada," jirani akasema, mdomo umejaa wali. "Ni wewe. Pole."

Mfaume alikimbia kwa kasi ambayo hakuna aliyejua anayo. Ndoo ilimfikia mgongoni karibu na zizi la mbuzi.

Kesho yake dada akaenda kwa Mtendaji Shomvi, na mimi nikamsindikiza, yeye akiwa hanisemeshi.

"Nifutie kifo," akamwambia.

Shomvi akafungua kabati, akafunga. "Mama, kata inaua tu. Kufufua ni makao makuu. Unaandika barua, unaambatanisha cheti cha kuzaliwa, picha mbili, na barua ya mume wa marehemu inayothibitisha kwamba amekukosea."

"Amenikosea mara ngapi! Nianze na ipi?"

"Inachukua miezi mitatu. Lakini kwa nini uhangaike? Hiki ni cheti cha msiba tu, mama. Hakina uhusiano na jambo lingine lolote."

Alisema hivyo, mbele yangu, na muhuri mkononi. Nadhani aliamini. Yeye mwenyewe, mkewe na wakwe zake wote walikuwa wamekwisha kufariki.

*

Siku ya kura tuliamka mapema, tumechangamka. Watu walikuwa wanakonyezana kwenye foleni. Tulikuwa tumekula kwa Mkangara, wengine tulikuwa bado tunanuka nazi yake, na sasa tunakwenda kumpa kura Bi Chausiku. Mama mwenyewe alisimama mbali, mita zile zinazotakiwa, amevaa viatu vyake vya kazini, anatabasamu.

Mlangoni mwa darasa alikaa karani wa Tume, kijana nadhifu mwenye sauti ya taratibu. Dada alikuwa wa kwanza. Akatoa kitambulisho. Karani akaangalia daftari, akaangalia picha, akamwangalia dada. Akasimama, akavua kofia.

"Poleni sana," akasema.

"Pole ya nini? Nipe karatasi."

"Mama, Tume imesafisha daftari kwa kutumia vyeti vyote vya msiba vya jimbo. Wewe umetangulia mbele za haki tarehe nne."

"Tarehe nne nilikuwa sokoni!"

"Hilo hatulipingi. Marehemu wengi walikuwa mahali fulani."

"Kijana. Nitazame. Naongea na wewe au siongei?"

"Unaongea, mama, na ninakusikia vizuri sana. Lakini nikimpa karatasi kila marehemu anayeongea, nchi itakuwaje? Tumepigana miaka mingi kukomesha kura za maiti." Akainua sauti kidogo, kwa upole. "Naomba marehemu msogee kushoto, walio hai wapite."

Watu wakaanza kusogea kushoto. Kila aliyefika mezani, anavuliwa kofia, anapewa pole, anasogezwa. Tume ilikuwa imetuandalia kivuli. Lilikuwa turubai langu. Nililikodisha mwenyewe juzi yake, wakaniambia ni la wageni.

Shemeji Mfaume akabishana kwamba kifo chake kilikuwa cha muda. Mzee wa mashine ya kusaga akakohoa mbele ya karani mara tatu kuonyesha mapafu yanafanya kazi. Wapi. Upande wa kulia wakapita walio hai: madereva wa Bwana Kitwana, wake zao, mabinti wa pampu, walinzi wa vituo vitano, Kopwe na familia ya Mkangara. Wakafuatwa na wale wachache wa Bi Chausiku ambao walikuwa wagumu kama dada yangu lakini hawakuolewa na Mfaume. Mimi pia nilipita. Hakuna aliyenisajili, nilikuwa na kazi nyingi mno ya kuzika wengine.

Dada akakaa chini kwenye turubai, ndoo mbele yake, akaanza kulia. Ilisikika hadi ofisi ya kata.

*

Jaji Bwanausi alitangaza matokeo kwa fahari. Mkangara, kura mia mbili na kumi na mbili. Bi Chausiku, mia moja thelathini na moja. Zilizoharibika tatu, mojawapo iliandikwa "poleni wafiwa".

"Waliojitokeza kati ya walio hai ni asilimia mia moja," akasema Jaji. "Nchi gani imefikia hapo? Na ninajivuna kutamka kwamba katika uchaguzi huu haikutolewa hata robo kilo ya sukari."

Usiku huohuo hatukulala, lakini hiyo si habari. Asubuhi tulikwenda kwa Bi Chausiku, watu wengi, kumpa pole. Tulimkuta anafua.

"Mama, tulikuwa na wewe," tukamwambia. "Wote! Mpango ulikuwa kula kwake, kura kwako."

Akakamua shuka, akalitundika.

"Nyinyi hamkunila mimi," akasema. "Hamkumla na Mkangara. Hebu rudini nyumbani mkaangalie mmekula nini." Na akachukua ndoo akaenda kuteka maji mengine.

Hatukungoja sana. Kikao cha kwanza tu cha bunge, Mheshimiwa Mkangara alisimama akasema jimbo lake limepata misiba mingi mno mwaka huu, na kivuko kizee ni hatari kwa wachache waliobaki. Akaomba kikabidhiwe mtu mwenye uwezo na huruma. Bunge likasimama dakika moja kutukumbuka. Mwezi uliofuata pantoni ikapakwa rangi ya vituo vya Bwana Kitwana, injini ileile, kutu ileile chini ya rangi, na mlangoni akawekwa kijana na mashine ya risiti.

Nauli shilingi mia tano kwenda, mia tano kurudi. Ndoo yenye kitu mia tano. Ikirudi tupu, bure, maana Bwana Kitwana ni mtu wa huruma.

Siku ya kwanza dada akajaribu. Akatoa cheti chake cha msiba chenye muhuri, akamwekea kijana puani.

"Mimi ni marehemu. Marehemu hadaiwi."

Kijana akasoma bango la nauli lililokuwa nyuma yake, mstari kwa mstari, kwa kidole.

"Maiti ni mzigo mkubwa, mama. Elfu tatu. Uamue unavuka kama nani."

Dada akalipa kama mtu aliye hai.

Mimi nimekaa na kuhesabu, kwa akili yangu ya darasa la tano, na nimerudia mara mbili. Nyumba ya dada yangu ilipokea elfu ishirini za Mfaume na elfu kumi na tano za dada. Ongeza elfu tano nilizopokea mimi kwa kufiwa naye. Jumla elfu arobaini, na sahani kadhaa za wali.

Kuvuka ni elfu moja na mia tano kwa siku. Siku sita kwa wiki, elfu tisa. Zile elfu arobaini zilikwisha wiki ya tano, katikati. Ubunge ni miaka mitano. Kwa miaka mitano dada atalipa milioni mbili, laki tatu na elfu arobaini.

Bwana Kitwana alitoa rambirambi za marehemu elfu mbili na mia nne; ukipiga kwa wastani ni elfu kumi na tano kila mmoja, yaani milioni thelathini na sita. Wanaovuka kwa siku ni watu mia tisa, kwenda na kurudi, hiyo ni laki tisa. Ukiacha dizeli, ambayo ni yake, pesa yake yote ilirudi siku ya arobaini. Yanayofuata ni faida.

Kitumbua kimoja kinampa dada faida ya shilingi thelathini. Kwa hiyo kila siku anayovuka, vitumbua hamsini vya kwanza anavyouza ni vya Bwana Kitwana. Kuanzia cha hamsini na moja ndipo vinakuwa vyake. Siku za mvua huuza arobaini.